Kuitunza gari ya visiwani: chumvi, ukungu wa vioo na milango inayobonyezwa

Unguja ina urefu wa kilomita 85 hivi kutoka ncha hadi ncha, na Pemba ni fupi kuliko hiyo. Mtu anaweza kuendesha mwaka mzima hapa, kazini, sokoni, kuwapeleka watoto skuli na chuoni, na mita ya kilomita ikawa haijasogea sana. Ndipo anapojidanganya kwamba gari yake bado mpya.

Na mimi nilijidanganya hivyo hivyo. Gari yangu ni Toyota Vitz, iliyotoka Japani ikiwa safi, bati halina doa. Masika ya tatu nikapata pancha njia ya Paje, nikafungua buti, nikanyanyua kapeti nitoe tairi ya akiba. Chini yake kulikuwa na maji meusi ya kina cha kidole, yananuka shombo. Nikabonyeza bati kwa dole gumba, likazama kama biskuti iliyochovywa kwenye chai. Nikakumbuka: kila Ijumaa nilikuwa nanunua samaki Malindi, natia mfuko na barafu yake ndani ya buti, na nikifika nyumbani natoa mfuko tu. Maji ya barafu ya samaki ni maji ya chumvi, na yalikuwa yanalala mule wiki hadi wiki.

Gari za huku haziuliwi na safari. Zinaliwa zikiwa zimesimama. Chumvi ya hewani inakaa juu ya bati, na haikauki kwa sababu inavuta unyevu, kama ile ya kwenye kikopo cha jikoni inavyolowa na kugandana kila masika. Kwa hiyo yote nitakayoeleza hapa yana shughuli moja: chumvi isipate pa kukaa, na maji yasipate pa kutuama.

Kuosha: anza na maji yenyewe

1. Yaonje maji. Visima vingi vya karibu na pwani vinatoa maji ya chumvichumvi, na ukiosha gari kwa maji hayo umeisugulia kile kile unachokikimbia. Kama ulimi haukupi jawabu, tia sabuni kidogo kwenye kopo la maji ukoroge. Povu likikataa kuja, maji ni mazito. Ardhi ya Unguja kwa sehemu kubwa ni mawe ya matumbawe, kwa hiyo hata maji matamu mara nyingi yana chokaa, ndiyo yale madoa meupe yanayobaki kwenye vioo na bodi yakikauka juani.

2. Huna maji mengine? Osha kwa ya kisima, lakini ndoo ya mwisho ya kusuuzia iwe maji matamu, hata lita 10 tu. Mimi masika nakinga ya paani kwenye pipa. Maji ya mvua hayana chokaa, na hayaachi doa. (Acha mvua ya mwanzo ioshe bati la paa kwanza, maana hiyo inakuja na vumbi na vinyesi vya ndege.)

3. Osha kivulini, asubuhi au jioni, boneti likiwa halina moto. Anza kwa kuimwagia maji gari nzima, mchanga uteremke wenyewe kabla hujaigusa. Ukipitisha kitambaa juu ya mchanga mkavu unaipiga rangi msasa.

4. Tumia ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa. Kitambaa kiwe laini, fulana kuukuu ya pamba inatosha. Sabuni ya unga ya kufulia iache, ni kali, inaondoa nta inayoilinda rangi. Shampoo ya gari ndiyo yake. Enda kutoka juu kwenda chini, magurudumu yawe ya mwisho na kitambaa chake mbali.

5. Sasa lala chini. Hapa ndipo wengi wanapoachia, na hapa ndipo kutu inapoanzia. Elekeza mpira wa maji ndani ya matao ya magurudumu, chini ya vizingiti vya milango, na kwenye bati la chini ya buti. Kama gari imepita ufukweni, au imevuka kwa meli kwenda Mkoani, Pemba, ikalala kwenye sitaha inarushiwa maji ya bahari, kazi hii ifanye siku hiyo hiyo.

6. Ifute yote ikauke, kisha iendeshe dakika tano ukikanyaga breki polepole mara kadhaa. Diski za breki zikilala na maji zinaamka na kutu nyekundu. Ile ya usiku mmoja inatoka kwa kukanyaga breki, ya wiki mbili inakula diski.

Mara moja kwa wiki inatosha kwa anayekaa mjini. Anayekaa Jambiani au Nungwi, nyumba inaangalia bahari, asiache kuimwagia maji matamu kila baada ya siku tatu nne, hata bila sabuni. Nta ya gari ipake kila miezi mitatu, na hasa kabla ya masika na kabla ya kusi.

Kuna mazoea ya kupuliza oili chafu chini ya gari ili kuzuia kutu. Siyapendi. Oili inalainisha na kuvimbisha mipira na bushi, na inadondoka kwenye ardhi yetu ya matumbawe inayopitisha kila kitu moja kwa moja mpaka kwenye maji ya visima tunayokunywa. Mwambie fundi akupigie dawa ya chini ya gari inayouzwa kwa kazi hiyo, baada ya kuosha, kukausha na kukwangua kutu iliyopo. Ikipigwa juu ya kutu yenye unyevu, inaifunika tu na kutu inaendelea kwa siri.

Matundu madogo ya kutolea maji

Piga goti ukingo wa chini wa kila mlango, pitisha kidole kwa upande wa chini. Utakuta vitundu viwili au vitatu. Maji ya mvua yanayoteremka pembeni ya kioo yanaingia ndani ya mlango, hilo ni la kawaida, na yanatokea hapo. Vikizibwa na vumbi na matope, mlango unakuwa mtungi. Ukifungua na kufunga ukasikia maji yanachapa ndani, ujue yanalala humo.

Chukua kijiti cha ufagio wa chelewa, kipitishe katika kila kitundu. Hakikwaruzi rangi, na ni chembamba kiasi chake. Kisha fungua boneti, angalia pale chini ya waipa, kwenye wavu wa plastiki. Gari zinazolala chini ya mvinje zinajaa vijani vyake kama sindano, na vikishaziba njia ile, maji yanaingia ndani kwenye miguu ya abiria. Vitoe kwa mkono, mimina kopo la maji, uangalie kama yanatokea chini ya gari.

Samaki, nao, wasafiri ndani ya ndoo yenye mfuniko. Kila mwezi nyanyua kapeti la buti na tairi ya akiba, angalia, pangusa, acha wazi juani saa moja.

Ukungu wa vioo: jua kwanza uko upande gani

Asubuhi moja ya mwezi wa Aprili nilikuwa natoka Bububu na mzee mmoja fundi wa gereji, nimempa lifti. Mvua ilikuwa imekatika, hewa nzito. Kioo cha mbele kikaanza kufifia kuanzia chini, kikapanda. Mimi nikawa napangusa kwa mkono wa shati, naongeza AC ipige kiooni, napangusa tena, na ukungu unazidi. Watoto wa skuli wamejipanga pembezoni mwa njia na mimi nawaona kama vivuli. Mzee akashika mkono wangu, akasema taratibu, "Mwanangu, simama pembeni. Ukungu uko nje, wewe unapangusa ndani."

Akawasha waipa. Pigo moja, njia nzima ikaonekana.

Ukungu unatoka pale hewa yenye unyevu inapokutana na kioo kilicho baridi kuliko yenyewe, kama jasho la nje la gilasi ya maji ya barafu. Nchi za baridi, kioo kinapozwa na hewa ya nje, na unyevu wa ndani unaganda kwa ndani. Ndiyo maana maelezo mengi yanayotoka huko yanazungumzia ndani tu. Huku kwetu hewa ya nje ina joto na imejaa maji, na AC ndiyo inayokipoza kioo kutoka ndani. Basi jasho linatokea nje. Ukiongeza baridi ipige kiooni, unauongeza ukungu kwa mkono wako.

Kwa hiyo, kabla ya kugusa kitufe chochote, gusa kioo. Pitisha kidole kwa ndani. Kikiacha alama, ukungu uko ndani. Kisipoacha alama, uko nje.

Ukiwa nje:

1. Washa waipa mara moja.
2. Toa upepo wa AC kwenye kioo, uelekeze kifuani au miguuni.
3. Punguza ubaridi. Kioo kikikaribia joto la nje, ukungu haurudi.

Ukiwa ndani, mara nyingi ni mvua inanyesha, madirisha yamefungwa, na mna watu wanne watano wenye nguo mbichi:

1. Washa AC. Kazi yake si baridi tu, inakausha hewa pia.
2. Elekeza upepo kwenye kioo cha mbele, fani iwe juu, na joto lisishushwe mpaka mwisho.
3. Zima kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaozunguka ndani yake. Kikiwa kimewaka, gari inazungusha pumzi zenu wenyewe.
4. Kama AC haifanyi kazi, teremsha madirisha mawili ya pande tofauti, upana wa vidole viwili, na uwashe fani. Utalowa bega kidogo, lakini utaona njia.

Jambo jengine linalowashangaza watu: ukizima AC ghafla na fani ikabaki inapiga kiooni, ukungu unakuja kwa mara moja, mzito. AC ikifanya kazi inakusanya maji kwenye mabomba yake ndani ya dashibodi, na ikizimwa, fani inayapuliza maji yale kiooni. Hivyo dakika tatu kabla ya kufika nyumbani, zima AC, acha fani ikipuliza miguuni. Mabomba yanakauka, na ile harufu ya uvundo asubuhi inaondoka.

Vioo vichafu vinashika ukungu upesi kuliko visafi. Plastiki ya dashibodi ikipigwa jua inatoa mvuke wa mafuta unaogandama kwa ndani ya kioo, na ukitazama taa za gari inayokuja usiku unaona kama zimevaa mtandio. Changanya siki na maji nusu kwa nusu, lowesha kitambaa, pangusa, kisha ukaushe kwa gazeti kuukuu lililokunjwakunjwa. Kwa ndani pangusa kwa kwenda juu na chini, kwa nje kwa kwenda kulia na kushoto. Mchirizi ukibaki, unajua uko upande gani. Vioo vyenye tinti visipanguswe kwa dawa yenye amonia, inaiharibu.

Ukungu ukikurudia kila siku hata kukiwa hakuna mvua, usilaumu hewa. Bonyeza kapeti la mbele upande wa abiria kwa kiganja. Likiwa na maji, ni moja kati ya mawili: njia ya chini ya waipa imeziba, au kile kimpira kinachotoa maji ya AC chini ya gari kimeziba. Gari yenye AC inayofanya kazi lazima ionekane inadondosha maji chini ikisimama. Isipodondosha, yanadondoka ndani. Fundi anakizibua kwa dakika chache, na hapo hapo mwambie atoe filta ya AC, ambayo kwa Toyota nyingi iko nyuma ya kidroo cha dashibodi, aitazame. Niliyotoa kwenye gari yangu ilikuwa nyeusi, na ina manyoya ya ndege.

Kapeti lililolowa litoe lote, lianike juani. Makaa ndani ya mfuko wa kitambaa chini ya siti yanasaidia harufu. Chumvi kwenye soksi, ambayo wengine wanaishauri, usiiweke. Ikishavuta maji inatiririka, na umeingiza chumvi ndani ya gari kwa hiari yako.

Milango isibonyezwe

Mji wetu haukujengwa kwa ajili ya gari. Darajani mchana, mtu anaegesha kwa vidole vitatu kila upande, rikwama linapita nyuma, bodaboda inapita mbele, na mwenye gari ya jirani anafungua mlango kwa goti kwa sababu mikono imejaa vifuko. Kibonyo kimoja si kitu kikubwa kwa macho. Lakini rangi ikipasuka hapo, bati liko wazi kwa hewa ya bahari, na masika moja tu inatosha kutokeza kidonda chekundu.

Tembea. Hilo ndilo la kwanza. Egesha mbali hatua mia moja ambako kuna nafasi, uje kwa miguu. Chagua mwisho wa mstari, ukae karibu na ukuta upande mmoja, ubaki na jirani mmoja tu. Gari za hapa usukani uko kulia, na kila gari ina dereva atakayefungua mlango wa kulia. Mlango wa kushoto unaweza usifunguliwe kabisa. Basi ukipata kuchagua, kaa upande wa kushoto wa jirani yako. Toyota Noah ni jirani mwema, mlango wake wa nyuma unateleza, haufunguki kwa nje. Gari ya milango miwili iogope, milango yake ni mirefu. Nyoosha gari katikati ya nafasi yako, na matairi yanyooke.

Upepo ndio adui ambaye wageni hawamjui. Mlango wa gari una bawaba kwa mbele, kwa hiyo upepo ukitokea nyuma unaingia ndani ya mlango kama tanga, unauvuta mkononi mwako na kuupiga kwa jirani. Kusi ikivuma, pale Forodhani au gatini Mkoani, egesha pua ya gari ikiutazama upepo. Upepo wa mbele unausukuma mlango ufungike. Kama haiwezekani, fungua kwa mikono miwili.

Watoto wafundishwe mapema: mkono mmoja kwenye kitasa, mwengine umeshika ukingo wa mlango mpaka miguu yote miwili iko chini. Wangu walijifunza kwa wiki moja, na sasa wanamkumbusha bibi yao.

Nyumbani, pale mlango unapogusa ukuta wa banda, chukua mpira wa maji uliochoka, upasue kwa urefu, uugongomee ukutani kwa usawa wa ukingo wa mlango. Dukani kuna raba nyembamba za kuvalisha ukingo wa mlango. Ni nzuri, lakini zivue kila baada ya miezi michache uoshe ndani yake, kwani zinahifadhi chumvi na mchanga.

Kibonyo kikishatokea, angalia kwanza ni cha kitu gani. Bampa la plastiki likibonyea, mimina maji ya moto polepole mahali penyewe, vaa glovu nene, sukuma kutoka ndani, kisha mwagia maji baridi. Mara nyingi linarudi. Mlango wa bati hausikii maji ya moto, na ukiupiga nyundo nyumbani unaupa mikunjo isiyotoka tena. Mpelekee fundi bodi.

Ila rangi ikichubuka usingoje fundi, fanya siku hiyo hiyo:

1. Osha mahali hapo kwa maji matamu na sabuni, ukaushe kabisa.
2. Kama kutu imeshaanza, isugue kwa kipande kidogo cha msasa laini mpaka bati ling'ae. Usitoke nje ya kidonda.
3. Pangusa kwa spiriti, acha ikauke.
4. Paka praima (rangi ya chini inayotangulia) tabaka jembamba kwa kibrashi kidogo, ngoja ikauke, kisha rangi tabaka mbili. Namba ya rangi ya gari yako iko kwenye kibati chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango. Duka la rangi watakuchanganyia kwa namba hiyo.
5. Huna rangi leo? Paka nta ya gari, hata mafuta mazito ya mgando. Itakushikia siku chache.

Kunguru, miembe na minazi

Kunguru hawa wa Bara Hindi waliletwa Unguja mwishoni mwa karne ya 19, na leo hakuna mti mjini usio na wao. Kinyesi chao kina tindikali, na kikipikwa na jua la saa sita kinaacha alama isiyofutika. Usikikwangue kikiwa kikavu. Weka juu yake kitambaa kilicholowa maji, ngoja dakika kumi, kisha kiinue. Utomvu wa embe utoe kwa spiriti kidogo kwenye pamba, halafu osha na upake nta upya. Na kivuli cha mnazi usikitamani hata kidogo, nazi moja inatosha kumaliza kioo cha mbele.

Vya haraka, lakini visisahaulike

Vichwa vya betri vikiota unga mweupe au wa kijani, toa kwanza waya wa hasi, mimina maji ya moto, piga brashi, kausha, funga, upake grisi. Rejeta lisitiwe maji ya kisima kabisa, chokaa chake kinaganda ndani na chumvi inakula. Litiwe kulanti (maji maalumu ya kupozea injini), na mfuniko usifunguliwe injini ikiwa ya moto. Upepo wa tairi pima asubuhi kabla hujatembea, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ukinunua tairi za mtumba, tafuta tarakimu nne ubavuni: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka kwa jua hata kama kashata zake (yale meno yanayogusa njia) bado ni nzima. Waipa zibadilishe Februari, kabla masika hayajaingia, na kila wiki zipanguse kwa kitambaa kibichi.

Ukisafiri ukaiacha

Anayekwenda Hija, au Pemba msimu wa karafuu, gari ikakaa mwezi mzima: ioshe na chini yake, ikauke, ipake nta. Toa kila kilicholowa ndani, hata mswala na mwavuli. Tia upepo wa tairi kamili. Egesha pahali tambarare palipoezekwa, tia gia (otomatiki weka P), weka mawe mbele na nyuma ya tairi, na usivute hendibreki, maana kwa unyevu huu inaweza kuganda. Toa waya wa hasi wa betri. Usiifunike kwa turubai la plastiki, linafungia unyevu ndani. Shuka kuukuu la pamba ndani ya banda ni bora. Ufunguo mwachie mtu unayemuamini, umwambie kila Jumamosi kama hakuna mvua afungue milango yote minne kwa nusu saa, ipite hewa.